Gorogoro Haili Mahindi

Siku ya soko pale Masii, dada yangu Kavindu alikuwa anampimia mteja mbaazi. Alichota kwa gorogoro, ule mkebe wake wa kupimia, akasawazisha juu kwa kiganja vile amefanya tangu akiwa msichana, akainua, na mkono ukakataa. Gorogoro ilianguka juu ya gunia ikabingirika mpaka kwa nyanya za jirani. Mteja akacheka, akasema, "Mama, leo unanipunja mbele ya macho yangu kabisa." Kavindu alitaka kumjibu. Soko lote linajua huyo hawezi kuachia mtu neno la mwisho. Lakini maneno yalitoka yamelala upande, mate yakateremka kidevuni, na yule mteja akaacha kucheka.

Mimi nilikuwa nyuma yake nikichambua maharagwe. Niliachilia uteo nikamdaka kabla hajagonga chini. Ni mdogo wangu, lakini ana mwili, na tuliangukia magunia wote wawili. Jicho lake moja lilikuwa linanitazama vizuri. Lile lingine lilikuwa limechoka.

Hospitalini daktari wa zamu alimwinua mkono, akauachilia, ukaanguka. Akaniuliza, "Huyu anameza dawa za presha?"

Nikamwambia anameza, tena miaka mingi. Nazijua hizo dawa. Anaziweka kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia juu ya kabati, nyuma ya picha ya marehemu mume wake, na kila asubuhi anameza na uji.

Kavindu akatikisa kichwa pale kitandani.

"Uliacha?" nikamuuliza. "Kwa nini?"

Alihangaika na ulimi mpaka neno likatoka. "Si... ninathimwa?"

Daktari alinitazama nimtafsirie. Nikamwambia amesema anapimwa. Daktari akaandika kitu akaenda kwa mgonjwa mwingine, na mimi nikabaki na hilo neno. Bado ninalo mpaka leo.

Kwa Kikamba chetu, kuthima ni kupima. Unathima shamba, unathima mahindi, na mtu akiugua anaenda kuthimwa. Akirudi unamuuliza, "Umethimwa?" Akisema ndiyo, unashusha roho, kwa sababu hapa kwetu hakuna mgonjwa anayethimwa akaachwa hivyo. Kuthimwa ni mlango na dawa ndiyo nyumba. Sisi hatujawahi kuona mlango umesimamishwa peke yake katikati ya shamba. Sasa watu walikuja wakasimamisha mmoja, na dada yangu akaingia akiamini yuko ndani.

Hao watu tuliwaita watu wa risachi. Walikuja wakati wa palizi, wakapiga hema jeupe kwenye uwanja wa kanisa la Waprotestanti, pale karibu na barabara. Mimi ni Mkatoliki lakini nilienda, kila mtu alienda. Mkubwa wao alikuwa Daktari Musyoka, kijana mrefu mwenye viatu visivyojua matope. Jina ni la kwetu, lakini alisoma akasahau Kikamba, kwa hiyo alizungumza Kiswahili kama kile cha habari za saa moja. Alisema, "Madhumuni ya utafiti huu ni kubaini ukubwa wa tatizo la shinikizo la damu na matumizi ya chumvi miongoni mwa wakulima wadogo." Tukaitikia kwa kichwa. Wazee wa mbele waliitikia zaidi, ndio walioelewa kidogo kabisa.

Halafu Laban akasimama kututafsiria. Laban ni mtoto wa shemeji yangu. Ndiye mhudumu wa afya wa kijiji, yule anayezunguka boma kwa boma akiwa na jaketi na begi mgongoni akiuliza kama choo kina mfuniko. Nilimwona akikuna shingo. Kisha akasema kwa Kikamba, na maneno yake nayakumbuka hata yalivyofuatana, "Madaktari wamekuja kututhima presha. Ni bure. Watakaochaguliwa wataendelea kuthimwa mwaka mzima."

Watu wakapiga makofi.

Maboma yalichaguliwa kwa kura. Langu halikutoka. La Kavindu lilitoka, na la Nthambi jirani yangu. Waliochaguliwa walitia sahihi, na ambao hawakusoma walitia kidole, wakapewa mche wa sabuni. Kuanzia hapo waliitwa hemani kila baada ya muda, wanakaa kwa viti vya plastiki, msichana mmoja mpole kutoka Kyumbi anayeitwa Carol anawafunga ule mkanda kwa mkono, anawauliza wamekula nini jana, anaandika kwa simu kubwa kama sinia. Kavindu alipenda sana. Alikuwa anavaa ile nguo yake ya kanisani. Siku moja alirudi akanisimulia huku anacheka. Carol, ambaye alimwita susu, yaani bibi, alikuwa amemwambia, "Susu, presha yako iko juu, tafadhali uende kliniki." Naye akamjibu, "Kwani hapa niko wapi, sokoni?" Hema lote likacheka. Carol pia alicheka.

Hapo walicheka wote. Carol alidhani mama anatania, na mama alidhani msichana anatania.

Tulimtoa Kavindu hospitalini akiwa na mkono wa kuume umekufa na mguu unaburuta. Nikahamia kwake. Asubuhi namkanda mkono kwa maji moto, namlisha uji, natunza kuku wake. Isyo, ile ya mahindi na maharagwe, napika mpaka mahindi yanapasuka, halafu naziponda kwa mwiko kwa sababu anatafuna upande mmoja. Sikulia. Watu husema Syokau ana subira, na ni kweli ninayo. Lakini subira yangu haikuzima kitu. Kila nikiponda hizo mbegu namwona Laban akikuna shingo.

Siku moja Nthambi alikuja kumwona mgonjwa, akaleta ndizi. Alikaa kwenye kigoda, akampa Kavindu pole nyingi, kisha akasema, "Mimi namshukuru Mungu bado nathimwa."

Kijiko kilisimama mkononi mwangu. Nthambi amekuwa na presha tangu alipozaa kitinda mimba wake. Miaka ya nyuma dawa tulikuwa tunaenda kuchukua pamoja, yeye na Kavindu za presha, mimi za magoti.

"Dawa zako unameza?" nikamuuliza.

"Za nini tena? Kule kituoni unakaa kwa benchi mpaka makalio yanasahau, halafu unaambiwa dawa zimeisha urudi wiki ijayo. Hawa wananipima wananiita kwa jina."

"Nthambi, hao hawatibu. Wanapima tu."

"Wanapima tu." Alinitazama kutoka juu mpaka chini. "Nani anapima tu? Fundi anakupima nguo halafu anaenda nyumbani?"

"Muulize huyu hapa alichopewa baada ya kupimwa."

"Kavindu alianguka kwa sababu ya jua la soko, alikuwa anabeba magunia kama mwanamume. Na wewe, Syokau, niseme ukweli? Tangu kura ikukatae umekuwa na maneno. Laban alitueleza mbele ya watu wote. Wewe ulikuwa daktari lini?"

Kavindu aligonga kitanda kwa mkono mzima, akitaka kusema, lakini akikasirika maneno yake yanajikunja yote. Nthambi alimfuta kidevu kwa upendo kabisa, akachukua kikapu chake akaenda. Nilisimama mlangoni nikamtazama akishuka matuta, mnene, mwenye afya ya machoni, akisalimia watu. Nikaona kuanguka kwake vile nilivyoona kwa Kavindu. Nikajua pia mdomo wangu hautamsaidia. Wale waliomwingiza kwa mlango ndio lazima wamwambie hakuna nyumba. Lazima waseme wao wenyewe, na waseme kabla hajaangusha kitu mkononi.

Nilienda kwa Laban siku hiyo hiyo. Nilimkuta anarekebisha tuta lililobomolewa na mvua.

"Mwaitu, karibu," akasema, maana mpaka leo ananiita mama, akaegemeza jembe.

"Sikuja kukaa. Ile siku ya hema, daktari alisema utafiti. Wewe ulisema kuthimwa. Kwa nini?"

Akakuna shingo. "Ningesema nini? Utafiti kwa Kikamba ni nini? Ningesema wamekuja kutuchunguza, watu wangekimbia wakidhani ni mambo ya polisi, hasa wale wa pombe. Na si wanapima? Nilidanganya wapi?"

"Ungesema hawana dawa."

"Mwaitu, ningesema hawana dawa, nani angekuja?"

Alisema hivyo bila kufikiri, kisha akasikia alichosema. Akainamia jembe lake. Mimi nilimlea huyu mtoto mama yake alipokuwa Mombasa. Nilitaka kumpiga na lile jembe.

"Nthambi ameacha dawa," nikamwambia. "Na wengine sijui ni wangapi. Wakirudi kupima utasimama useme upya."

"Nitaharibia watu kazi. Daktari ataniondoa."

"Basi akuondoe."

Akarudi kwa tuta lake. Nikaondoka nikijua hatasema peke yake.

Nilingoja hema lirudi. Lilipopigwa, nilimvalisha Kavindu ile nguo ya kanisani. Yeye mwenyewe akanionyesha kwa kidole, kwenye kona, gorogoro yake ya soko. Nikamuuliza ya nini. Akasema, "Leta," nikampa, akaifunika kwa leso mapajani. Mutiso wa bodaboda alitubeba polepole, Kavindu katikati, mimi nyuma nimemkumbatia kama gunia la thamani.

Foleni ilikuwa ndefu tayari. Nthambi alikuwa kwa kiti cha tatu, ameketi wima. Carol alipotuona alitabasamu, kisha akaona ule mkono, na tabasamu likaanguka. Alipiga magoti mbele ya kiti. "Susu, nini kilitokea?"

"Muulize mkubwa wako," nikasema.

Daktari Musyoka akaja. Sitamsingizia, alikuwa na huruma. Alishika ule mkono uliokufa kwa mikono yake miwili, akauliza ilikuwa lini, hospitali walisema nini. Halafu akavuta Carol kando, lakini masikio yangu bado ni mazima. Alisema, "Huyu tumtoe. Ameshapata kiharusi, na hilo halimo katika malengo ya utafiti."

"Halimo wapi?" nikasema.

Alishtuka. "Mama, ni utaratibu tu. Malengo yetu—"

"Hayo malengo ndiyo nimekuja kusikia. Niambie mimi. Nilifika darasa la saba, kwa hiyo usiniambie kubaini."

Foleni ikasogea kusikiliza. Daktari alitazama watu, akatabasamu kidogo kama mtu anayetafuta mlango. "Tunataka kujua ni watu wangapi wako na presha hapa, na kama chumvi inachangia."

"Mkijua?"

"Tunaandika. Serikali inasoma. Pengine baadaye dawa zinaletwa karibu na watu, pengine watoto wenu hawatapata shida hii. Ni kazi ya maana, mama."

"Sijasema si ya maana. Na hawa walioketi hapa? Kwa presha yao ya leo mmewaletea nini?"

"Tukikuta iko juu tunawashauri waende kliniki. Na kila kitu tulieleza mwanzoni, wakatia sahihi."

"Walitia sahihi maneno ya Laban. Aliwaambia watathimwa, na kwetu anayethimwa hutibiwa."

Laban alikuwa nyuma ya meza na jaketi lake. Hakuinua macho.

"Wao wanajua hapa ndiyo kliniki," nikasema. "Dada yangu aliacha dawa kwa sababu yenu. Sasa simama mbele yao useme hivi: hatukuja kuwatibu. Maneno hayo tu, sitaki mengine."

Alinikaribia, akashusha sauti, na hapo ndipo aliponichoma kabisa. "Mama, nakuelewa. Lakini tukitangaza hivyo ghafla, watu wataondoka katikati. Kazi ya mwaka mzima itaharibika. Wacha nizungumze nao mmoja mmoja, taratibu."

Nilihisi damu yangu ikipanda mpaka masikioni, hiyo presha angeipima. "Dada yangu ndiye ameharibika," nikasema. Sikupaza sauti. "Hiyo kazi yako utaanza upya mwaka ujao na viatu vingine. Mkono wa huyu tutauanza wapi?"

Angejibu, lakini Kavindu alikuwa amevuta leso. Aliinua gorogoro kwa mkono wa kushoto, akaiweka juu ya meza yao, juu ya zile karatasi. Ilitoa mlio. Alianza kusema polepole, akimeza mate kati ya maneno, na hakuna aliyemharakisha.

"Daktari. Hii nimeuza nayo tangu kabla hujazaliwa. Imepima mahindi, mbaazi, ndengu. Jioni inarudi nyumbani tupu. Gorogoro haili mahindi. Na haijawahi kulia, kwa sababu inajua yenyewe ni gorogoro." Akapumzika. "Mimi hamkuniambia."

"Sasa usinitoe," Kavindu akasema. "Unajua wale wauzaji wabaya? Wanabonyeza gorogoro chini, ndani. Ukiangalia juu imejaa. Nyumbani unakuta imepungua. Ukinitoa unabonyeza."

Mwanamke mmoja kwenye foleni alishindwa kujizuia. "Na yako hii mbona imebonyea, Kavindu?"

"Niliinunua ikiwa hivyo," Kavindu akajibu, na nusu ya mdomo wake ikacheka.

Watu wakacheka, hata Carol, huku anajifuta machozi. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikimtazama Laban. Aliinuka. Alivua jaketi, sijui kwa nini, akalikunja vizuri akaliweka juu ya kiti, akabaki na shati lake lililochanika kwapa. Daktari akasema, "Laban, ngoja kwanza." Laban hakungoja.

Alisema kwa Kikamba, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba. "Nisikilizeni. Siku ile nilisema wamekuja kututhima. Sikumaliza. Wanathima ili wao wajue. Hawana dawa. Hawajawahi kuwa nazo. Mkitoka hapa hamjatibiwa. Aliyekuwa anameza dawa akaacha, alifanya hivyo kwa neno langu. Arudi akachukue leo."

Hakuna aliyepiga makofi safari hii.

Nikadhani hata yeye hawamwamini. Kisha mzee mmoja kwenye kiti cha mwisho alichukua fimbo yake akasimama. Akatoka bila kuaga, akashika njia ya kituo cha afya. Mama wawili wakamfuata. Halafu mwalimu mstaafu, mtu wa kusoma magazeti, naye akainuka akiangalia chini. Wakaendelea kutoka, mmoja akiona mwenzake anainuka naye anainuka, na viti vya plastiki vikabaki vimegeukiana. Nilikuja kwa ajili ya Nthambi mmoja. Sikujua walikuwa wengi hivyo. Nilihesabu nikaacha kuhesabu, kwa sababu kila mgongo uliotoka uliongeza kuni kwa kile kilichokuwa kinawaka kifuani mwangu. Hao wote wangeanguka mmoja mmoja, huyu sokoni, huyu chooni, huyu shambani, na kila mara tungesema ni jua.

Nthambi alibaki peke yake kwa kiti chake cha tatu. Alinikazia macho kwa muda mrefu, na sikuona shukrani ndani yake.

"Usinitazame hivyo, Syokau," akasema.

"Sijakutazama."

Akaokota kikapu, akarekebisha kitambaa cha kichwa, akatoka. Alitembea haraka, haraka kuliko nilivyowahi kumwona, mpaka akampita yule mzee wa fimbo.

Carol alikuwa amesimama na ule mkanda mkononi. "Daktari, sasa tufanye nini? Wote wanaenda kituo."

Daktari Musyoka alikaa. Vumbi la wale waliotoka lilikuwa limetua kwa viatu vyake.

Kavindu ndiye aliyesema. Alikuwa amejisogeza mpaka kwa kiti cha mbele, amekunja mwenyewe mkono wa nguo kwa meno, na ameuweka ule mkono uliokufa juu ya meza kando ya gorogoro.

"Njoo unipime, msichana," akasema. "Sasa najua unapima nini. Andika kwamba niliacha dawa, na uandike ni kwa nini. Na wale wanaoteremka kule, waandike pia."

Carol alimtazama mkubwa wake. Mkubwa wake akatazama njia, ambapo watu walikuwa bado wanateremka, kisha akavuta ile simu kubwa karibu naye.

"Mpime," akasema. "Nitaandika mwenyewe."

Nilisimama nyuma ya kiti mikono yangu juu ya mabega ya dada yangu, nikamtazama akiandika, neno kwa neno. Nilikuwa na hasira bado. Alipofika mahali pa kueleza sababu alisita, kidole hewani, akaniuliza lile neno la Laban linaandikwaje.

"Kuthimwa," nikamwambia. "Andika hivyo hivyo. Usilitafsiri."